Uwanja Mtupu wa Pompeii Haukuwa Pambo

Tangu Live at Pompeii, filamu ya bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd, wakipiga muziki kwenye uwanja mtupu katika magofu ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi nchini Italia, irudi kwenye kumbi za sinema Aprili 2025, ikiwa imesafishwa kutoka kwenye negativu yake ya asili na kuchanganywa sauti upya, wazungumzaji wamegawanyika makundi mawili, na naona yote mawili yameikosa. Kundi la kwanza linaiona kama biashara ya kuwauzia wazee ujana wao. Kundi la pili linaipenda, ila linaipenda kama picha ya kalenda: magofu, jua linalozama, vijana wanne wenye nywele ndefu, basi. Mimi nashikilia jambo jingine. Uwanja ule mtupu ndio hoja ya filamu nzima. Mwongozaji Adrian Maben aliwaondoa mashabiki ili kibaki kitu ambacho filamu nyingi za muziki hukificha, nacho ni kazi: mikono inayotafuta sauti, masikio yanayosikilizana, mtu anayeteleza na kujirekebisha pasipo mtu wa kumpigia makofi. Na kwa kuwa siku hizi onyesho hupimwa kwa wingi wa watu waliofika na wingi wa simu zilizoinuliwa juu, hoja hiyo ina uzito mkubwa leo kuliko ilivyokuwa filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972.

Tukumbuke kwanza filamu za muziki zilivyokuwa wakati ule. Filamu ya Woodstock, lile tamasha kubwa la muziki la Marekani, ilitoka mwaka 1970, na mhusika wake mkuu ni umati: watu kwenye matope, watu kwenye mvua, watu waliolala nyasini, msafara wa magari usio na mwisho. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya ziara ya Rolling Stones iliyoishia Altamont, California, Desemba 1969, ambako shabiki mmoja aliuawa karibu kabisa na jukwaa. Iwe kwa furaha au kwa msiba, kamera ya muziki wa roki ilikuwa imejifunza kuwatazama watazamaji. Maben, aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa, alitaka kwenda kinyume kabisa na Woodstock. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuuoanisha muziki wa Pink Floyd na michoro ya wasanii kama René Magritte, na halikukubaliwa. Kisha kiangazi cha 1971, akiwa mtalii Italia, akapoteza pasipoti yake, akarudi jioni kuitafuta kwenye uwanja wa kale wa Pompeii. Watalii walikuwa wameshaondoka. Akajikuta peke yake na ngazi za mawe, mwangwi, na giza lililokuwa likiingia. Hapo ndipo alipojua bendi ile inapaswa kupigia wapi, na mbele ya nani: mbele ya hakuna mtu.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa uzuri tu. Uwanja wa Pompeii ulijengwa karibu mwaka 70 KK, na ni miongoni mwa viwanja vya kale zaidi vya mawe vya Kirumi vinavyosimama hadi leo. Uliweza kuchukua watu wapatao 20,000, na historia yake ni historia ya umati. Mwaka 59 BK mashabiki wa Pompeii na wageni kutoka mji jirani wa Nuceria walianza kutukanana kwenye michezo ya mapigano, wakarushiana mawe, kisha wakachomoana mapanga. Watu wengi walikufa, na Roma ikaufungia mji ule michezo ya namna hiyo kwa miaka 10. Miaka 20 baada ya ghasia zile, volkano ya Vesuvius ikalipuka na kuufukia mji wote. Kwa hiyo unapoziona zile ngazi tupu nyuma ya dramu za Nick Mason wa Pink Floyd, unaona mahali palipojengwa kwa ajili ya kelele za watu pakiwa pamenyang'anywa watu wake. Ukimya wa pale una uzito ambao ukimya wa studio hauwezi kuwa nao.

Namna kazi ilivyofanyika ni sehemu ya hoja pia. Ugo Carputi, profesa wa Chuo Kikuu cha Napoli aliyeupenda muziki wa bendi hiyo, aliwashawishi wasimamizi wa magofu waufunge uwanja kwa siku sita mwezi Oktoba 1971. Bendi ilikubali kwa sharti moja zito: watapiga laivu, kwa vyombo vyao vyote, wala hawataigiza juu ya kanda iliyokwisha kurekodiwa. Sharti hilo lilimaanisha lori lililojaa vyombo kusafiri kwa barabara kutoka London hadi kusini mwa Italia. Lilimaanisha pia umeme mwingi, na umeme pale haukutosha. Siku za mwanzo zikapotea huku mafundi wakihangaika, mpaka ulipopatikana ufumbuzi wa kuvuta waya kutoka ofisi za halmashauri ya mji, kupitia mitaani, hadi uwanjani. Zilibaki siku nne tu za kupiga picha. Yeyote aliyewahi kuandaa onyesho la bendi anajua kwamba hapo ndipo watu wengi wangesema wacha tupige pleibeki tumalize. Wao hawakusema hivyo, na kila kitu ninachokipenda katika filamu hii kimetokana na kukataa kwao.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni wakati. Nyimbo mbili kati ya tatu zilizopigwa uwanjani, yaani "Echoes" na "One of These Days", zilikuwa za albamu ya Meddle, na albamu hiyo ilikuwa haijaingia madukani. Ilitoka wiki chache baadaye. The Dark Side of the Moon, iliyowafanya matajiri na kuwafanya wajulikane dunia nzima, haikuwepo mpaka Machi 1973. Kwa hiyo hatuwaangalii mabingwa wakirudia nyimbo ambazo kila mtu anazijua kwa moyo. Tunaangalia watu wenye umri wa miaka 20 na kitu, wamesimama kwenye vumbi, wakiujenga wimbo wa zaidi ya dakika 20 ambao bado wenyewe wanaupima. Ndiyo maana nyuso zao ziko vile. Wapo waliowaita wakavu, wasio na hisia. Mimi naona watu wanaosikiliza kwa bidii mno kiasi cha kusahau nyuso zao.

Chukua namna "Echoes" inavyoanza. Kamera iko juu na mbali, uwanja mzima ni duara la kijivu na kijani, na katikati yake kuna kundi dogo la vitu vyeusi ambavyo huwezi kuvitambua. Inasikika noti moja ya piano ya Richard Wright, iliyopitishwa kwenye spika ya Leslie, ile inayozungusha sauti, mpaka ikawa kama tone la maji ndani ya pango. Kamera inasogea polepole, bila haraka yoyote, na kadiri inavyosogea ndivyo muziki unavyoongezeka chombo kimoja kimoja. Unapofika karibu vya kutosha kuwaona watu, tayari umefundishwa namna ya kuwatazama: kwa utulivu, kwa kusubiri. Kisha kamera inazunguka nyuma ya amplifaya na unayaona maneno yaliyoandikwa kwa rangi kwenye masanduku, "Pink Floyd. London". Mwongozaji mwingine angeyaficha, kwa kuwa yanaharibu njozi ya magofu. Maben aliyaacha, na sanduku la kubebea vyombo likawa na heshima sawa na nguzo ya Kirumi. Mpiga gitaa David Gilmour na Wright wanaimba pamoja, sauti mbili zilizofanana hata ni vigumu kusema ipi ya nani. Wright alifariki mwaka 2008, na sijui rekodi nyingine inayoonyesha vizuri kiasi hiki jinsi alivyokuwa nguzo ya bendi ile kwa kufanya mambo madogo kwa wakati wake.

Nick Mason naye. "One of These Days" ina picha zake yeye karibu tupu, na sababu yake ni bahati mbaya: makopo ya filamu yenye picha za wenzake katika wimbo huo yalipotea. Maben akabaki na mpiga dramu tu, akaifanya kazi kwa alichokuwa nacho. Matokeo yake ni moja ya picha bora za mpiga dramu zilizowahi kuwekwa kwenye filamu. Kwa dakika kadhaa unafuata mikono na miguu ya mtu mmoja. Katikati ya kishindo kijiti kinamponyoka, anachukua kingine, na mapigo hayatetereki hata kidogo. Kwenye filamu ya kawaida, pale pangekatwa na kuwekwa picha ya msichana anayecheza kwenye mabega ya mwenzake, nasi tusingejua kamwe. Mara ya kwanza niliiona sehemu hiyo kwenye kanda ya VHS iliyochakaa, picha ikitetemeka, rangi zote zimegeuka kuwa kahawia, na hata hivyo kijiti kile kilinibadilishia usikilizaji wangu wa dramu. Kwenye toleo la 2025 unaona vumbi likiruka na jasho shingoni, na kile ulichokuwa ukikisia sasa unakishuhudia.

Na ipo "A Saucerful of Secrets", ambayo kwangu ndiyo kilele. Mpiga besi Roger Waters anaupiga upatu mkubwa huku jua likiwa nyuma yake, Gilmour anatoa kwenye gitaa milio isiyo na jina, Wright anaangukia kinanda kwa viganja na viwiko. Kwa mtu asiyeuzoea muziki huo, ni fujo. Lakini tazama macho yao. Kila mmoja anamwangalia mwenzake kujua ni lini atageuka, na fujo ile inapopasuka na kuzaa ule wimbo mpole wa mwisho, Gilmour akiimba pasipo maneno, unagundua kwamba hawakuwa wamepotea hata sekunde moja. Mbele ya watu 20,000 wanaoshangilia, usingeweza kuyaona hayo. Ungeona vurugu na mwanga.

Sasa niwageukie wanaopinga, nikianza na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba filamu hii ni video ya muziki tu, iliyowahi kutoka kabla ya zama za video. Wanaosema hivyo wanaangalia mandhari na kusahau kusikiliza. Video ya muziki huanza na wimbo uliokwisha kukamilika studio. Picha huja baadaye kuuvalisha nguo. Msanii hufungua mdomo, lakini sauti unayoisikia aliitoa miezi iliyopita, akiwa amevaa nguo nyingine. Pompeii ni kinyume chake kwa kila hatua. Sauti ilitoka kwenye vyombo vile unavyoviona, na ndiyo maana ilibidi waya wa umeme upite katikati ya mji. Linganisha "Echoes" ya filamu na ile ya albamu: si wimbo mmoja. Ule wa filamu una kasi yake, una makosa yake, una pumzi za mahali pale. Kama mandhari peke yake yangetosha kuifanya filamu kuwa video ya muziki, basi kila onyesho lililowahi kupigwa kwenye mahali pazuri lingekuwa hivyo.

Hoja ya pili ni nzito kidogo, na naipa haki yake. Filamu haikupigwa yote Pompeii. Siku zilipokwisha, kazi ilikamilishwa studio Paris Desemba 1971, ambako "Set the Controls for the Heart of the Sun" na "Careful with That Axe, Eugene" zilipigwa, nyuma yao pakiwekwa picha za magofu na volkano. Mwenye macho makali hugundua haraka, kwa sababu Wright alikuwa ameshanyoa ndevu. Humo pia mna kipande kifupi cha mbwa akiimbia blues, ambacho sijawahi kukipenda na toleo jipya halijanibadilisha mawazo. Ni kweli basi kwamba jina la filamu linaahidi zaidi ya kinachotolewa. Lakini tuangalie kile kinachopungua tunapohamia Paris. Hakipungui kitu katika upigaji, maana bendi inapiga vilevile, pamoja, kwa nguvu zilezile. Kinachopungua ni mahali: mwanga wa studio, pazia jeusi, mwangwi uliokufa. Tofauti hiyo hunisaidia kuisimamisha hoja yangu, kwa kuwa inaonyesha kwamba ule utupu wa Pompeii si sawa na kukosekana kwa watu tu. Studio nayo haina watu, na haikugusi vilevile. Utupu wa uwanja ni utupu unaosikika.

Hoja nzito kuliko zote ni ile inayosema kwamba muziki wa laivu ni mazungumzo, na bendi isiyo na watazamaji inazungumza peke yake. Sitaipuuza. Kila mpenda dansi anajua kwamba mpiga solo hutoa kitu ambacho hakukipanga pale ukumbi unapomwitikia, na kwamba usiku mwingine wimbo hurefuka kwa sababu watu wamekataa kukaa. Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi, tuliona maonyesho mengi yakipigwa bila watu, na mengi yalikuwa baridi. Hata hivyo, tuulize kwa nini yalikuwa baridi. Wasanii wengi walipiga kana kwamba umati upo: walinyanyua mikono kwa watu wasiokuwepo, walisubiri makofi yasiyokuja, walisimama wakitazama kamera kama wanavyotazama safu ya mbele. Pink Floyd wa 1971 hawakufanya hivyo hata mara moja. Waligeukiana wao kwa wao. Mazungumzo yalikuwepo, ila yalikuwa ya watu wanne, na sisi tumeruhusiwa kuyasikiliza kwa karibu kuliko mtu yeyote aliyelipa kiingilio mwaka ule.

Bahati nzuri, tuna kipimo. Julai 2016 Gilmour alirudi kwenye uwanja uleule, safari hii na bendi yake mwenyewe, mbele ya watazamaji, kwa usiku mbili, na onyesho hilo nalo likatolewa kama filamu mwaka 2017. Anapiga gitaa vizuri mno. Sauti ni safi kuliko ya 1971. Kuna taa, fataki, skrini kubwa ya duara, watu wenye furaha ya kweli. Ninaipenda. Lakini jiulize ni picha gani inayobaki kichwani baada ya wiki moja. Mimi nakumbuka mwanga. Sikumbuki mkono wa mpiga kinanda, sikumbuki namna mpiga besi alivyomwangalia mpiga dramu kabla ya kubadilisha mapigo, kwa sababu kila palipokuwa na jambo la kuangalia, kamera ilivutwa na kitu kingine chenye kung'aa zaidi. Mtu yuleyule, mahali palepale, na mashabiki wakaongezwa. Kilichopatikana ni sherehe, na kilichopotea ni ukaribu. Sisemi sherehe ni mbaya. Nasema ni vitu viwili, na kimoja kimeshapigwa picha mara elfu.

Kuhusu fedha, sitakawia. Oktoba 2024 Sony ilinunua haki za rekodi za bendi hiyo kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu dola milioni 400, na miezi michache baadaye filamu hii ikawa sokoni, ikionyeshwa mpaka kwenye skrini za IMAX. Mei 2025 albamu yake ikashika nafasi ya kwanza Uingereza. Bila shaka kuna hesabu ya mfanyabiashara humo. Lakini nia ya muuzaji haitoshi kuhukumu bidhaa, na bidhaa hii ina ushahidi wake. Toleo la DVD la mwaka 2003 lilijazwa picha za anga za juu na magofu yaliyotengenezwa kwa kompyuta, kana kwamba Maben mwenyewe aliogopa kwamba utupu wake hautatosha tena kwa macho ya karne mpya. Toleo la 2025 limeyaacha hayo. Waliolisafisha waliirudia negativu ya milimita 35, wakaondoa mikwaruzo na madoa, wakarudisha rangi. Mwanamuziki Steven Wilson, aliyechanganya sauti upya, hakuongeza kitu kilichokuwa hakipo. Besi ya Waters sasa inasikika ikiwa na mwili, na dramu zimepata chumba chake. Zile sehemu zilizoongezwa mwaka 1974, zinazowaonyesha wakiwa studio za Abbey Road, nazo zimenufaika. Humo wanaulizwa kama mitambo imewatawala, nao wanakataa: chombo ni chombo, wanasema, na kumpa mtu gitaa zuri hakumfanyi kuwa mpiga gitaa mzuri. Maneno hayo yakiwekwa kati ya picha za uwanjani, unaelewa kwa nini kamera ilikuwa ikifuata vidole.

Lipo jambo linaloniumiza katika historia ya filamu hii, na linatuhusu sisi pia. Zile picha ambazo Maben hakuzitumia, mamia ya makopo ya filamu, zilichomwa moto miaka mingi baadaye ili kupata nafasi ya kuhifadhi vitu vingine. Bendi maarufu kiasi hicho, nchi tajiri kiasi hicho, na bado mtu mmoja aliangalia makopo yale akaona ni takataka. Yaliyobaki ni kile kilichokuwa kimekwisha kuhaririwa. Hatutajua kamwe Waters na Wright walikuwa wanafanya nini Mason alipokuwa akipigana na "One of These Days". Anayedhani kusafisha filamu ya zamani ni anasa ya wapenda mambo ya kale aanze na moto huo.

Huku kwetu hasara ni ya namna nyingine. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi katika studio zake kwa njia inayofanana kwa kushangaza na ya Pompeii: wanamuziki wote chumba kimoja, wakipiga kwa pamoja, hakuna watazamaji, na kosa likitokea mnarudia tangu mwanzo. Ndiyo maana rekodi zile zina ukaribu ambao kanda za ukumbini hazina. Unasikia magitaa yakipishana, unasikia tarumbeta zikisubiri zamu. Lakini hatuna picha. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979, na kizazi chake kizima cha wapiga gitaa wa bara kilipita bila mtu wa kuwaelekezea kamera vidole kwa urefu wa wimbo mmoja. Vijana wanaojaribu leo kuipata mipigo ya Morogoro Jazz, bendi aliyowahi kuipigia Mbaraka, wanaikisia kwa masikio. Mpiga dramu wa Italia, wa Brazili au wa Nairobi anayetaka kujua Mason alishikaje vijiti mwaka 1971 anafungua filamu na kuangalia.

Kwa hiyo ninapoona siku hizi jinsi maonyesho ya bendi zetu yanavyopigwa picha, nasikitika, maana sasa vifaa tunavyo. Kamera inarushwa juu kwa droni kuonyesha uwanja uliojaa, inashuka kwa mwimbaji, inapita kwa wachezaji, inarudi kwa umati. Mpiga besi anaonekana sekunde mbili kwa saa nzima. Mwenye kipaza sauti anahesabu simu zilizowashwa taa, na kesho yake habari ni idadi ya watu. Onyesho linaweza kuwa lilikuwa zuri, ila filamu yake haituambii, kwa sababu ushahidi wote uliokusanywa ni wa kufurahi kwa watu, si wa kupigwa kwa muziki. Wapiga picha hawana kosa peke yao. Wanawapa waandaaji kile ambacho wadhamini huuliza.

Msondo Ngoma, ambao mizizi yao ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, bado wapo. Sikinde bado wapo. Hawahitaji kupelekwa kwenye magofu, na hawahitaji skrini ya IMAX. Wanahitaji mchana mmoja kwenye ukumbi mtupu kabla watu hawajaanza kuingia, umeme wa uhakika, mtu wa sauti anayejua kazi, na kamera nne au tano ambazo kila moja imepewa mwanamuziki mmoja na kuagizwa isimwache mpaka wimbo uishe, hata kama ni wa dakika 12, hata kama anayepigwa picha ni yule wa gitaa la kati ambaye hakuna anayemjua jina. Baada ya hapo faili ghafi za kamera zote, pamoja na zile zisizotumika, ziwekwe mahali pawili tofauti, na funguo zikabidhiwe kwa mtu asiyepima thamani ya picha kwa nafasi zinayochukua kabatini.